Dhima ya Wakili na Pazia la Kampuni

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha na darsa kwisha, watu walitoka wakenda zao, akabaki kijana wetu mmoja katika mawakili wa mji huu. Alikaa hata msikiti ukapungua watu, kisha akasogea akasema: "Maalim, nina jambo limenikaa moyoni."

Aliyotueleza ni haya. Yeye na wenziwe wawili wana ofisi moja ya uwakili, na mlangoni pameandikwa majina yao matatu. Tangu walipoanza wamekuwa katika ushirika wa kawaida, ambao kila mmoja wao huulizwa kwa deni la ofisi nzima, hata kwa nyumba anayolala na watoto wake. Sasa mhasibu wao amewapa shauri waugeuze ushirika huo uwe wa namna nyingine, wenye kuandikishwa serikalini, utakaokuwa na jina lake, mali yake na madeni yake mbali na wao, na dhima ya washirika iwe na kikomo. Wenziwe wamekubali. Yeye amesita. Akatwambia: "Mke wangu aniuliza, je, wakija wadai watatutoa nyumbani? Nami najiuliza, je, nikijikinga hapa duniani, nitakuwa nimejikinga pia kesho mbele ya Mola wangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa karibu, mfanyi biashara wa siku nyingi, aliyasikia maneno hayo akadakia: "Hili halina haja ya kuulizwa, mwanangu. Deni ni deni. Karatasi haizikwi, wala haiulizwi kaburini."

Sisi hatukumjibu kijana usiku ule. Tulimwomba muhula, kwani neno la mzee ni zito, lakini si kila neno zito huwa ndilo lote. Leo tunaandika tuliyoyaona baada ya kutazama na kushauriana.

Huenda msomaji akasema: "Mimi si wakili, jambo hili lanihusu nini?" Twasema: lakuhusu sana. Ni nani katika sisi asiyepata kupeleka hati ya nyumba kwa wakili, au fedha ya kiwanja, au kesi ya ajali, au shauri la mirathi? Wakili ana ufunguo wa mali za watu. Basi akibadilisha namna ya kuulizwa kwake, na wewe uliyempa ufunguo mambo yako yamebadilika, ujue au usijue.

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulijua. Kampuni, kwa sheria iliyotujia kutoka Uingereza, ni mtu wa hukumu: hana nyama wala damu, lakini humiliki, hukopa, hushtaki na hushtakiwa. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwapa wenye hisa dhima yenye kikomo, yaani mtu apoteze hisa yake tu, asifuatwe kwa mali yake nyengine. Kisha ikazuka kesi mashuhuri ya Aron Salomon, mtengenezaji wa mabuti katika mji wa London. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Katika hizo, 20,001 zilikuwa zake, na sita zilizobaki ni za mkewe na watoto wao watano. Tena kampuni ikamwandikia deni la pauni 10,000 lenye rehani juu ya mali yake. Biashara ilipoanguka, mali haikuwafikia wadai wasio na rehani. Wakasema kuwa Salomon na kampuni yake ni kitu kimoja, na mahakama mbili zikawakubalia. Lakini mwaka 1896 Baraza la Malodi likahukumu kuwa kampuni ni mtu mwengine mbali na Salomon, ijapokuwa yeye ndiye aliyeifanya na ndiye aliyeiendesha. Wala hawakumwona kuwa ni mlaghai. Juu ya jiwe hilo ndipo lilipojengwa jengo lote la makampuni lililoenea hata huku kwetu.

Ama mawakili, muda mrefu walizuiliwa kuingia mlango huo. Hoja ilikuwa nyepesi kufahamika: fundi viatu huuza kiatu, na kiatu chatoka mkononi mwake kikenda zake, bali wakili huuza uaminifu wake mwenyewe, na uaminifu hautengwi na mwenyewe. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1961 Jumuiya ya Mawakili wa Marekani ilitoa rai kuwa wakili aweza kufanya kazi yake katika sura ya kampuni, lakini kwa masharti. La kwanza, wakili mwenyewe aliyeifanya kazi abaki ni mwenye kuulizwa na mteja wake. La pili, ikiwa wenziwe hawataulizwa, basi mteja alijue jambo hilo waziwazi.

Kisha yakaja mambo ya Texas. Katika miaka ya 1980 vyama vya akiba na mikopo vilianguka kwa wingi katika Marekani, na Texas ikaumia sana. Mawakili waliokuwa wakivihudumia wakashtakiwa, ikaonekana kuwa mtu asiyepata hata kulifungua faili la kazi ile aweza kufilisiwa kwa sababu ya mshirika mwenzake aliye chumba cha pili. Mwaka 1991 Texas ikatunga sheria ya ushirika wa dhima yenye kikomo. Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 2000. Kenya nayo ikatunga yake mwaka 2011. Huku kwetu leseni ya uwakili hupewa mtu, haipewi kampuni. Kwa hivyo mlango walioupita mawakili wengi ni huu wa ushirika. Sheria hiyo, kwa ufupi, yasema mambo matatu: kuwa ushirika ni mtu wa hukumu mbali na washirika, kuwa mshirika haulizwi deni la ushirika kwa sababu tu ya kuwa ni mshirika, na kuwa kosa alilolitenda yeye mwenyewe labaki juu yake. Tunamwomba msomaji alishike sana hilo la tatu, kwani tutalirudia.

Sasa tuje kwenye sharia yetu. Wanavyuoni husema kuwa mtu ana dhima, yaani shingo ya kisharia ambayo haki za watu hukaa juu yake. Katika wanavyuoni wa zama hizi wako waliosema kuwa dhima haiwi illa kwa binadamu aliyekalifishwa, na kitu kisichosali wala kufunga wala kuulizwa hakiwezi kuwa na dhima. Neno hili ndilo neno la mzee wetu. Wako wengine waliosema kuwa jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Tazameni wakfu: msikiti una maduka na minazi, na nadhiri akikopa kwa masharti yake ili kutengeneza paa, deni ni la wakfu, si la nadhiri, wala watoto wake hawadaiwi. Tazameni tirka: maiti akiacha madeni, hulipwa kwa alichokiacha, na warithi hawalazimishwi kuongeza kwa mifuko yao. Tazameni mudharaba: mwenye mali aliyempa mwenzake mtaji akafanyie biashara, hasara haimvuki kwa asili yake kupita ule mtaji alioutoa.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilikata kuwa hapana kizuizi cha sharia kufanya kampuni ya hisa ambayo dhima yake inaishia kwenye mtaji wake. Sababu waliyoitoa ndiyo tunayotaka ishikwe: kwa kuwa jambo hilo lajulikana na wenye kuamiliana na kampuni, na penye kujua gharari huondoka. Wakaongeza kuwa hapana kizuizi pia baadhi ya wenye hisa kuwa ni wenye kuulizwa bila ya kikomo, maadamu hawachukui ujira kwa ajili ya kujitwika huko.

Basi ajabu ni kuwa mabaraza mawili, moja la mawakili wa Marekani mwaka 1961 na moja la wanavyuoni wa Kiislamu mwaka 1992, ambayo hayakukaa pamoja wala hayana asili moja, yamekutana katika neno moja: ajue yule mwengine. Mipaka ya dhima hujuzu pale tu mwenye kukutana nayo anapoiona kabla ya kujikwaa.

Yako na mambo mengine ambayo mzee wetu hakuyatazama. Yeye alidhani kuwa ushirika wa zamani ndio wa Kiislamu na huu mpya ndio wa kigeni. Wanafunzi wetu wanaosoma Minhaji ya Imamu Nawawi wajua kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ushirika ulio sahihi ni mmoja, nao ni wa inani, ambao watu huchanganya mali maalumu wakafanya biashara. Ama ushirika wa abdani, ambao watu hushirikiana kwa kazi za miili yao bila ya mtaji, kama mafundi wawili au mawakili watatu, kwetu ni batili, na kila mmoja ana alichokichuma. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameujuzisha, kila mmoja kwa masharti yake, na juu ya kauli yao ndipo wasimamapo mawakili wetu, wajue au wasijue. Ama ushirika wa mufawadha, ambao kila mmoja hutwikwa yote yatakayomlazimu mwenzake, Imamu Shafi aliukataa kwa ukali kabisa, kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo: mtu kulipia kosa asilolijua, la kiasi asichokijua, katika siku asiyoijua.

Sasa ule ushirika wa kawaida wa Kiingereza, ambao mshirika hufuatwa hata nyumbani kwake kwa kosa la mwenziwe, wafanana na upi? Wafanana sana na mufawadha. Basi kama tukipima kwa mizani ya madhehebu yetu, sheria mpya yenye kumwambia kila mtu abebe mzigo wake imeisogelea asili yetu katika jambo hilo kuliko ile ya zamani. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Kitabu chake kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine. Hatusemi haya ili kumfurahisha mhasibu, bali ni haki, na haki husemwa hata ikimfaa mtu usiyemtazamia.

Je, tumemaliza? La. Hapa ndipo tunapoanza. Kwani neno "deni" limekusanya vitu vitatu visivyofanana, na aliyevitia katika kapu moja hukosea, awe ni mwenye kuhalalisha au mwenye kuharamisha.

La kwanza ni deni la ofisi: kodi ya chumba, meza na makabati, mashine za kuandikia, mkopo wa benki. Hapa mwenye nyumba na benki ni watu wenye macho. Wajua wanaamiliana na ushirika wenye kikomo, na wakiogopa hutaka dhamana ya mshirika kwa jina lake, na aghlabu benki hufanya hivyo. Wamejua wakaridhia, basi hapana dhulma. Mshirika akiingia kwa nia safi, biashara ikaanguka bila ya ulaghai, hatuoni kuwa ni mwenye dhambi kwa kutolipa kupita kikomo walichokubaliana, ijapokuwa akilipa ni bora na ni ukarimu. Illa tunawatoa katika hukumu hii karani, tarishi na mfagiaji wa ofisi. Hawa hawakukaa mezani kupatana juu ya kikomo, wala hawana nguvu ya kutaka dhamana. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mwajiriwa ujira wake mara moja, kabla ya jasho lake kukauka. Wakili mwenye kula na watoto wake huku mshahara wa karani wake umefukiwa pamoja na ofisi, huyo ajitazame upya.

La pili ni kosa la wakili mwenyewe. Tupige mfano. Kijana amegongwa na gari, amevunjika nyonga, akampelekea wakili kesi yake. Sheria ya Kenya yampa aliyeumizwa kwa uzembe miaka 3 ya kushtaki. Wakili akaliweka faili, akashughulika na mengine, mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu, mlango wa mahakama ukafungwa. Haki ya kijana yule imekufa mkononi mwa nani? Imekufa mkononi mwa mtu mwenye jina. Hapa hapana pazia. Sheria yenyewe, kama tulivyotaja, haikumwondolea, na sharia ya Mwenyezi Mungu haimwondolei kabisa. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa ni tabibu, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu. Wanavyuoni wakafahamu kuwa fundi mjuzi aliyefanya kazi yake kwa uangalifu halaumiwi kwa matokeo, na aliyezembea au kupita mpaka hulipa. Kadhalika wakili. Mkono wake ni mkono wa amana: akijitahidi akashindwa kesi, hapana juu yake kitu, akilala juu ya faili, ni juu yake yeye. Basi wakili mwenye kuandikisha ushirika kwa kutumaini kuwa utambebea uzembe wake amedanganyika mara mbili, kwa sheria ya nchi na kwa sharia ya dini.

La tatu ndilo gumu, na ndilo lililotukesha. Nalo ni amana ya mteja iliyoliwa na mshirika mwengine.

Tupige mfano tena. Mjane ana nyumba katika Mji wa Kale, aiuza ili awagawie wanawe na ajijengee chumba. Fedha za mnunuzi zapitia kwa wakili, zakaa katika hesabu ya wateja, ambayo kwa kanuni za mawakili yapasa iwe mbali na hesabu ya ofisi. Mmoja katika washirika watatu akazila fedha zile, akatoroka. Washirika wawili waliobaki hawakuiba, wala hawakujua. Mali ya ushirika ni viti na vitabu. Je, mjane amdai nani?

Katika ushirika wa zamani, angewadai wale wawili mpaka nyumba zao. Katika huu mpya, mwizi hudaiwa naye hayuko, ushirika hudaiwa nao hauna kitu, na hawa wawili waweza kwenda kulala. Tulisema kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine, na neno hilo ni kweli. Lakini hapa mzigo haukutoweka. Umeteremshwa kwenye mabega ya washirika wasioiba ukatwikwa mjane asiyeiba. Na kama ni lazima abebe mmoja katika wasio na hatia, je, ni nani aliye mbali zaidi na hatia? Mjane hakumchagua mwizi yule kuwa mshirika wake. Hakupata hata siku moja kuona daftari la hesabu. Hakupata faida ya jina lake mlangoni. Wao walimchagua, wakaweka jina lake karibu na majina yao, na watu wakaliamini jina lake kwa sababu ya majina yao. Waliweza kufungua daftari kila mwezi, na pengine hawakulifungua. Kutokuiba si sawasawa na kutokuwa na qusuri.

Wala tusidanganyane kuwa mjane alijua. Ni kweli kuwa sheria yataka ushirika wa namna hii ujulishe hali yake kwa herufi tatu za Kiingereza mwisho wa jina lake. Lakini herufi hizo zimemwambia nini mama wa Kibokoni? Kujua kulikotajwa na wanavyuoni wa Jeddah si kuandikwa kwa herufi juu ya karatasi, bali ni kuingia maana katika fahamu ya mtu. Asiyefahamu hakujulishwa. Basi sharti lililohalalisha kikomo kwa benki halikupatikana kwa mjane, na palipokosekana sharti hukosekana hukumu yake.

Njia gani basi? Je, tuwarudishe mawakili katika mufawadha, mtu afilisiwe kwa kila kosa la mwenziwe? Hatukuona hivyo. Sharia yetu ina chombo chake kwa haja hii, nacho ni kafala, yaani mtu kujitwika kwa hiari yake dhamana ya haki iliyo juu ya mwengine. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipa, akawaambia masahaba wamsalie wao, hata Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo yeye mwenyewe akamsalia. Zingatieni kisa hiki. Mzigo ulihama kutoka shingo hata shingo, kwa ulimi wa mtu aliye hai aliyesema, "ni juu yangu."

Kwa hivyo jibu letu kwa kijana ni hili. Andikisheni ushirika wenu, hapana ubaya, ikiwa mtatimiza mambo manne.

Kwanza, kila mteja aambiwe kwa ulimi anaoufahamu, kabla ya kutia sahihi, nani atakayeulizwa na nani hataulizwa. Si katika karatasi ya nane kwa maandishi madogo, bali kwa mdomo na kwa maandishi ya wazi.

Pili, fedha za wateja zisitolewe kwa mkono mmoja. Ziwe na sahihi mbili, na daftari lake lisomwe na washirika wote kila mwezi. Mwenye kuacha kusoma naye ana fungu lake katika litakalotokea.

Tatu, washirika wote waandike hati ya kafala juu ya amana za wateja tu: kuwa kila fedha ya mteja iliyoingia katika hesabu ile, ikiliwa na yeyote katika wao, wote ni wadhamini wake kwa mali zao, bila ya ujira wa dhamana hiyo.

Nne, ujira wa wafanyi kazi utangulizwe mbele ya fungu la washirika.

Huenda akasema mwenye kusema: "Basi mmeturudisha pale pale tulipotoka." Twamjibu: hatukukurudisha. Zamani ulikuwa ukifuatwa kwa kila kitu: kodi, mkopo, faili alilolilalia mwenzio, maneno aliyoyakosea mahakamani. Haya yote tumekuondolea, yabaki juu ya ushirika au juu ya aliyeyatenda. Tumekubakishia kimoja, amana, nacho kina kiasi kijulikanacho, kwani daftari laonyesha kila siku ni fedha ngapi za watu zilizomo. Gharari ya mufawadha haimo. Akisema: "Tuna bima iliyotakiwa na sheria," twasema: maneno juu ya bima yana mlango wake, lakini hata mwenye bima asiifanye kuwa mto wa kulalia, kwani bima ya makosa haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Limebaki la nia. Wako katika nchi nyengine, kama Canada, mawakili wengi walioingia katika kampuni si kwa khofu ya madeni bali kwa ajili ya kodi: chumo hubaki ndani ya kampuni likatozwa kodi ndogo kuliko ya mtu mwenyewe. Kupunguza kodi kwa njia ambayo sheria ya nchi imeiruhusu si jambo la kulaumiwa. Lakini Mwislamu asije akadhani kuwa mali iliyolala katika kampuni yake imelala pia mbali na zaka. Mali ni yake, na hauli yake yapita. Kama tulivyosema katika amana tunasema katika zaka: karatasi ikitenga mali kwa hukumu ya nchi, haikutenga haki ya fakiri.

Ama mzee wetu, twamshukuru kwa neno lake. Alikosea alipodhani kuwa kila kikomo ni hila. Alisibu pale aliposema kuwa karatasi haiulizwi kaburini. Na kijana wetu alisibu zaidi kwa kusita, kwani wengi wameandikisha bila ya kuuliza neno ila gharama ya kuandikisha.

Kabla ya kuyapeleka haya kuchapishwa tulimwita tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, mawili ya kwanza na la nne wataridhia. Hili la kafala, naogopa mmoja wetu hatatia sahihi."

Tukamwambia: "Mwanetu, muulize kesho, kabla ya kuandikisha lolote. Mtu asiyekubali kudhamini kuwa fedha za wajane hazitaliwa ofisini mwake, ni kheri umjue leo."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe, na atulinde na deni lililo juu ya shingo zetu siku ambayo mali haitafaa. Amin.